Karakana ya kushona ghorofa ya pili: nianze wapi kuzuia moto?

Sare_Kkoo: Wakuu, habari za kazi. Nasimamia karakana ya kushona sare, Kariakoo, ghorofa ya pili. Kuna vyerehani vya umeme 18, pasi 4 za wati 1,500, na marobota ya vitambaa yamejaa hadi kwenye ngazi. Breka ya pasi, ya ampea 20, inakatika karibu kila siku. Mtungi wa zimamoto ni mmoja, wa poda, kilo 6. Nianze na nini?

Chapchap: Toa hiyo breka ya 20, weka ya 32. Kazi kwisha.

Waya_Mbili_Nusu: Chapchap, ushauri huo ndio unaounguza majengo. Pasi 4 ni wati 6,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 26. Breka ya 20 inakatika kwa sababu iko kazini. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) ukiubebesha breka ya 32, utachemka ukutani na hakuna kitakachoukata.

Mkuu Sare, vuta laini mbili mpya kutoka kwenye meni (swichi kuu), kila moja waya wa 2.5, breka ya 20, pasi mbili. Hapo kila laini inabeba ampea 13 tu. Ekstensheni kwenye pasi ondoa kabisa, hasa ile ya kuviringisha: ikiachwa imeviringwa, joto halina pa kutokea. Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na akaze skrubu za soketi zote. Skrubu iliyolegea huchemsha plagi bila breka kukatika. Soketi iliyogeuka kahawia, badilisha.

Ngazi_Wazi: Hesabu ziko sawa, ila ningeanza na ngazi, leo, kabla fundi hajafika. Moshi hupanda, na marobota yakishika moto pale ngazi inakuwa dohani. Walio juu hawana pa kushukia. Yatoke yote. Mlango usipigwe kufuli watu wakiwa ndani (najua, mnaogopa vitambaa kuibwa). Kama dirisha la kutokea lina nondo, lifunguke kwa ndani bila ufunguo. Vipande vya vitambaa vitoke kila jioni.

Mtungi wa kilo 6 hauchukui hata nusu dakika kuisha. Ongeza wa gesi ya kaboni (CO2) karibu na meni, maana poda huharibu mota za vyerehani. Wa poda angalia mshale uko kwenye kijani. Wa gesi hauna mshale, hupimwa kwa mizani. Namba ya zimamoto, 114, ibandikwe mlangoni.

Sare_Kkoo: Shukrani. Na umeme ukikatika pasi zikiwa zimewashwa?

Waya_Mbili_Nusu: Swali zuri kuliko la kwanza. Watu wanaondoka, pasi imelala juu ya nguo, umeme unarudi usiku. Laini za pasi zipitishe kwenye kontakta (swichi ya sumaku) yenye vitufe vya kuwasha na kuzima: umeme ukirudi, pasi hazipati moto mpaka mtu abonyeze tena. Na weka taa nyekundu mlangoni, iwake laini hizo zikiwa hai, anayefunga aione.