Msaada: SolidWorks inajifunga nikizungusha asembli ya mashine ya kukoboa

Mchora_Vinu: Wakuu, habari za jioni. Nachora mashine ya kukoboa mahindi kwenye SolidWorks (programu ya kuchora mashine kwa 3D), asembli (mchoro wa mashine nzima) ina pati, yaani vipande, kama 900 pamoja na bolti na nati. Pati mojamoja zinafunguka bila shida. Asembli kuu nayo inafunguka, ila nikiizungusha kidogo tu programu inajifunga bila ujumbe wowote. Laptopu ina RAM GB 16, kadi ya picha ya GeForce, Windows 11. Faili ziko kwenye flashi kwa sababu nahama kati ya ofisi na karakana ya Gerezani. Niongeze RAM au ninunue laptopu nyingine?

Nyuzi90: Mkuu, usitoe hela bado. Angalia kwanza inajifunga wakati gani. Ikijifunga ukizungusha au ukikuza, shuku kadi ya picha na draiva yake (programu inayoiendesha). Ikijifunga wakati wa kufungua, kila mara pale pale, kuna pati iliyoharibika. Ikianza vizuri halafu ikazidi kuwa nzito kadiri unavyofanya kazi, hapo ndipo RAM inapoingia.

Yako ni ya kundi la kwanza. Funga faili zote, maana faili ikiwa wazi kisanduku cha tiki nitakachokutajia hakibadiliki. Ingia Options, kisha Performance, weka tiki kwenye Use software OpenGL (picha zichorwe bila kutumia kadi). Fungua asembli uizungushe. Ikitulia, tatizo ni draiva au kadi. Usiiache hiyo tiki, kazi yote ya picha itahamia kwenye prosesa na asembli itakwenda kwa kukokota.

Laptopu yenye kadi mbili za picha nayo huwa inaipa SolidWorks ile kadi dhaifu. Kwenye Settings za Windows, System, Display, Graphics, ongeza SLDWORKS.exe (faili inayoianzisha SolidWorks) na uchague High performance.

Mama_Michoro: Hiyo flashi iondoe leo leo, kaka. Asembli haibebi pati ndani yake, inabeba njia za kuzifikia. Flashi ikicheza kidogo wakati wa kusevu, faili inaweza kuharibika kabisa. Tumia amri ya SolidWorks iitwayo Pack and Go kukusanya kila kitu kwenye folda moja ya diski C, fanyia kazi hapo, jioni ndiyo unakili kwenye flashi.

Na bolti zako, nyuzi umezichonga kweli kwa heliksi (mstari unaozunguka kama springi)? Bolti moja yenye nyuzi za kuchonga ina pembetatu nyingi mno za kuchorwa na kadi (umbo la 3D huonyeshwa kwa pembetatu ndogondogo), sasa zidisha mara mia kadhaa. Weka Cosmetic Thread, yaani alama tu ya nyuzi bila kuzichonga. Kwa fundi anayekwenda kununua bolti dukani, M12 (kipenyo cha milimita 12) iliyoandikwa kwenye mchoro inatosha kabisa. Zana ya SolidWorks iitwayo Performance Evaluation itakuonyesha pati zipi ndizo nzito.

Mchora_Vinu: Nimeweka tiki, asembli inazunguka bila kujifunga. Na kweli bolti zote zina nyuzi za kuchonga.

Nyuzi90: Basi toa tiki, sakinisha upya draiva. GeForce haimo kwenye orodha ya kadi zilizothibitishwa kwa SolidWorks, kwa hiyo draiva mpya kabisa si lazima iwe ndiyo bora. Ikigoma, rudi toleo la nyuma. RAM iamue baadaye: fungua asembli, tazama Memory kwenye Task Manager. Ikigota juu ya asilimia 90 hata baada ya kurekebisha bolti, ongeza.