Msaada: "Carpe diem" kwa Kiswahili sahihi ni ipi?

Mleta mada: Wakuu, habari. Tunachapisha fulana 40 za mahafali. Kifuani msemo wa Kilatini "Carpe diem", chini yake Kiswahili. Mchapaji anataka "Kamata siku", wenzangu wanataka "Ponda mali, kufa kwaja". Ipi sahihi?

Mkufunzi_K: Zote mbili ziacheni, mkuu. Carpe inatoka kwenye carpere, yaani kuchuma: tunda, ua, jani. Sisi tuna kitenzi hichohicho! "Kamata" imepitia Kiingereza ("seize the day"), ikaingiza nguvu na papara ambazo Kilatini hakina. Mchumaji hungoja tunda liive, halafu haliachi lioze mtini. Diem ni siku inayochumwa. Ikiwa ndiyo mtenda huandikwa dies. Kuweni makini na herufi: mkiandika deum, fulana zitasema "mchume Mungu".

Mpenda_Tenzi: Naongezea kuhusu "ponda mali". Maneno ni ya Horatius, mshairi wa Roma, shairi la 11 katika kitabu cha kwanza cha Odi, mwaka 23 KK. Anamwambia mwanamke aitwaye Leuconoe asipige ramli za Kibabeli kutaka kujua miungu imempangia mwisho gani. Achuje mvinyo, na tumaini refu alikate, maana maisha ni mafupi. Mstari wenyewe unaendelea: quam minimum credula postero, "ukiiamini kesho kidogo kadiri uwezavyo". Kutapanya hakumo kabisa. Humo mna kiasi, na ndiyo sababu napenda watu wausome mstari mzima.

Mleta mada: Asanteni sana. Basi tuandike "Chuma siku"? Na sisi ni wengi, carpe haibadiliki?

Mkufunzi_K: Kwa wengi ni carpite diem. Ila ibakizeni carpe, kwa kuwa Horatius alisema na mtu mmoja, na fulana nayo husomwa na mmoja mmoja.

"Chuma siku" ina tatizo: kwa herufi kubwa, bila sentensi, jicho litaona chuma cha nondo, au kuchuma mali. Wekeni kiambishi cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa. Siku iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo: "Ichume siku ya leo". Hapo hakuna atakayeona nondo.

Matamshi ni "karpe diem", c kama k, mkazo kwenye kar na di. Kabla ya zote 40, mchapaji atoe moja muikague herufi kwa herufi.