Mjadala: Ukiumia mgongo kazini, daktari yupi aaminiwe?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Dodoma inajengwa kila kona, Mtumba hadi Msalato, na wanaoubeba ujenzi huo begani ni vijana wetu.

Mdogo wangu ni saidia fundi. Aliteleza kwenye ngazi ya mbao akiwa na mfuko wa saruji wa kilo 50, akatua kwa kiuno. Daktari aliyemtibu aliandika kwamba diski, ile gegedu kati ya pingili za mgongo, imechomoza na inabana mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto. Mwajiri akampeleka kwa daktari wake. Huyo alitazama tu picha ya MRI, kipimo kinachoonyesha ndani ya mgongo. Hakumvua viatu, hakumwambia atembee kwa visigino, hakupima nguvu ya kidole gumba cha mguu. Akaandika "mabadiliko ya umri". Umri wenyewe ni miaka 34.

Msimamo wangu: ripoti ya daktari ambaye hakumpima mtu isilingane uzito na ya aliyemtibu kwa miezi. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI huonekana wana diski zilizochakaa. Kwa hiyo kuiona diski iliyochakaa hakumalizi ubishi. Daktari aeleze ajali iliufanya nini mgongo ambao hadi jana yake ulikuwa unapandisha zege.

Na si ubishi wa maneno. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kuanzia 30 kushuka, malipo ni ya mkupuo. Sentensi moja ya daktari inaamua familia itakula nini miaka ishirini ijayo.

Tabibu, Ipagala: Mkuu, mpe pole mdogo wako. Ila nakupinga. Sisi tunaotibu tunamzoea mgonjwa na kumhurumia, na wengi wetu hatujafundishwa kupima asilimia. Nimeona cheti kimempa mtu ulemavu wa asilimia 60 kwa kidole kimoja cha mkono. Ndiyo maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unawafundisha madaktari tathmini ya ulemavu, ili kidole cha Kondoa kisilipwe tofauti na cha Mbeya. Fedha zile ni michango ya waajiri; zikigawiwa kwa huruma, kesho mjane atazikosa.

Mchimbaji wa zamani, Iramba: Ninyi angalau mnagombea ajali yenye siku na saa. Sisi tuliokula vumbi la mawe, silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, hujitokeza baada ya miaka kumi na zaidi. Mtu anakohoa, anapewa dawa za TB, anamaliza dozi, anarudi na kikohozi kilekile. Vumbi hilo lenyewe huongeza hatari ya TB, kwa hiyo anaweza kuwa na vyote viwili, na faili likaandikwa TB basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifanya kazi gani na kwa muda gani. Na mwajiri alishafunga akaondoka. Nani atanitolea ushahidi?

Mwanzisha mada: Mzee wa Iramba, hapo umegusa penyewe. Historia ya kazi isipoandikwa siku ya kwanza, bingwa atakayekuja baadaye atabaki kukisia. Daktari wa zahanati anayeuliza "unafanya kazi gani?" na kuandika jibu, amekusaidia kuliko picha ya gharama.

Tabibu, kwenye asilimia tuko pamoja: apime aliyefundishwa. Lakini chanzo cha maumivu ni jambo jingine, na hapo ndipo watu wetu wanapodhulumiwa. Hata mahakama hazifungwi na maoni ya mtaalamu. Jaji anaweza kuyakataa, mradi atoe sababu. Kama jaji anadaiwa sababu, daktari anayemnyima mtu haki kwa maneno matatu adaiwe pia. Aandike alichopima, alichokuta, na kwa nini anatofautiana na mwenzake.

Sasa nikuulize, Tabibu. Madaktari wawili wakipingana, wa tatu alipwe na nani? Mimi nasema Mfuko umlipe, wala asichaguliwe na mwajiri. Saidia fundi aliyelala nyumbani bila ujira hana hela ya kumwita bingwa. Wewe unaliona vipi?