Tupeane uzoefu: kumwanzishia chakula mtoto anayecheua sana na mwenye mzio

Mama Naya, Dar
Wapendwa, habari zenu. Binti yangu anakaribia miezi sita. Tangu azaliwe anacheua, na si kule kucheua kwa kufuta na kitambaa. Analowesha shuka, anajipinda mgongo, analia kila akilazwa. Daktari akasema pia ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Nikaacha chai ya maziwa, mtindi na siagi, baadaye na soya, maana soya nayo ilikuwa inamsumbua kupitia ziwa langu. Ngozi ikatulia, zile kamasi zenye damu kwenye choo zikaisha.

Sasa mama mkwe kaleta unga wa lishe: mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga na dagaa, vyote humo humo. Waliopitia njia hii, mlianzaje? Naomba uzoefu jamani, nisiambiwe ni chango.

Umm Imran, Mombasa
Pole mamangu. Huo unga pikeni mle wakubwa. Si mbaya, lakini akitapika utamshika nani kati ya hao wote? Na soya imo, ambayo tayari unaijua.

Mimi nilianza na boga. Nalichemsha, nalisaga kwa mwiko, nampa vijiko vidogo viwili asubuhi ili jambo likizuka, lizuke mchana. Siku tatu nne boga tupu, ndipo kitu kingine. Viazi vitamu vilipita. Parachichi pia. Ndizi mbivu ilimfunga choo, na wangu akifunga choo kucheua kunaongezeka maradufu. Machungwa na nyanya nilivichelewesha kwa sababu ya kiungulia. Uji wa ulezi mtupu ndio uliotukomboa, tena uwe mzito wa kushika kijiko. Ule mwepesi wa kunywa ulikuwa unarudi wote kifuani kwangu.

Akishakula namweka wima karibu nusu saa. Asifungwe mbeleko hapo hapo, tumbo linabanwa.

Baba Kulwa, Mwanza
Sisi tuna mapacha, na tatizo lilikuwa la Doto peke yake. Tulimpa uji wa mchele, maana kila mtu anasema mchele hauna neno. Akala vizuri, akacheka, akalala. Baada ya kama saa mbili akaanza kutapika mfululizo mpaka akalegea, midomo imepauka. Hana homa, hana kipele hata kimoja. Kulwa kala sufuria ile ile, yuko anacheza.

Tulipimwa malaria, hakuna. Iliporudi tena, daktari mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: alikula nini, na saa ngapi? Akatueleza kwamba kuna mzio wa utumbo usiotokea papo hapo. Matapishi huja kati ya saa moja na saa nne baada ya kula, na mchele, oti na maziwa ya ng'ombe ni miongoni mwa vyakula vinavyouleta sana. Tangu siku hiyo kuna daftari jikoni: chakula, saa, choo, matapishi. Mke wangu aliliona kero, sasa haruhusu mtu aliguse.

Nesi wa Kliniki, Dodoma
Nyongeza chache. Msikimbilie maziwa ya mbuzi: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na wengi wa watoto hawa huyakataa vilevile. Asali isubiri mwaka mmoja.

Ila msimnyime mtoto kila kitu kwa woga. Zamani tuliambiwa karanga na mayai vicheleweshwe. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walio katika hatari ya mzio waliopewa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Karanga isagwe laini na ichanganywe kwenye uji, kamwe isiwe punje, na zenye ukungu tupa kwa ajili ya sumukuvu. Mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyewahi kuvimba, aanze kwa ushauri wa daktari. Na baada ya miezi sita anahitaji madini ya chuma: maini, nyama ya kusaga, dagaa waliosagwa.

Kulala ni chali hata kama anacheua. Matapishi ya kijani, damu, kulegea, au mstari wa uzito kushuka kwenye kadi: nenda hospitali, usisubiri majibu ya humu.

Mama Shamsa, Muscat
Someni maandishi ya pakiti. Maziwa yamejificha kwenye mkate, biskuti, hata siagi za mimea, wakati mwingine kwa jina la wei au kaseini. Na ongeeni na dada wa kazi. Mtoto wangu alikuwa anapewa biskuti na jirani mwenye huruma kila alasiri, mimi namlaumu boga.

Mama Naya, Dar
Asanteni mno. Naanza na boga Jumatatu. Swali moja: maziwa mnayarudisha lini?

Umm Imran, Mombasa
Sisi alipofika mwaka, daktari akatuanzishia kipande cha biskuti iliyookwa na maziwa kidogo. Yaliyookwa wengine huyavumilia mapema. Mkate wa maziwa anakula sasa, mtindi bado unamtoa vipele. Kucheua kuliisha kwenyewe alipoanza kutembea.

Baba Kulwa, Mwanza
Wa aina ya Doto msijaribu nyumbani. Mchele wake tumeambiwa utajaribiwa hospitalini, dripu ikiwa karibu. Mpaka hapo wali ukipikwa, yeye ana ugali wake.