Mzee asiye na dini aliyetunza sanduku la chama: je, jema ni jema kwa kuwa limeamriwa?

Mkaa Barazani (mleta mada)

Ndugu wadau, nawasalimu. Mwezi uliopita tulimzika mzee wa mtaani kwetu ambaye kwa miaka 19 alikuwa mtunza fedha wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Hakuonekana msikitini wala kanisani, na alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba mambo hayo hayajamwingia moyoni. Katika muda wote huo haikupotea hata shilingi moja, na sisi tuliowahi kukopa wakati wa msiba tunajua jinsi alivyotusubiri bila kututangaza. Siku ya maziko, kiongozi mmoja wa dini, ambaye sitamtaja wala kusema ni wa upande gani, alisimama akasema kwamba wema wa mtu asiyemjua Mungu ni majivu yanayopeperushwa na upepo. Wafiwa waliinamisha vichwa.

Niliporudi nyumbani nikakumbuka kisa kilichoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Socrates, mwalimu wake, akiwa ameshtakiwa na Meletus kwa kutoiheshimu miungu ya Athens, alikutana nje ya baraza la mahakama na Euthyphro, aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa kuua, naye ana hakika kwamba ndivyo miungu inavyotaka. Socrates akamuuliza: jambo la ucha Mungu hupendwa na miungu kwa kuwa ni jema, au huwa jema kwa kuwa miungu imelipenda? Ukishika jibu la kwanza, wema unaonekana hata kwa asiyeisikia amri, na mzee wetu aliuona. Ukishika la pili, basi kama Mungu angeamuru tuibe sanduku la chama, wizi ungekuwa wema. Mimi naegemea la kwanza. Naomba tujadiliane kiungwana.

Ustadhi Mstaafu

Ndugu mleta mada, nakupa pole ya msiba, lakini mfano wako wa kuiba sanduku siukubali. Umeuchukua mtego uliotegewa miungu ya Wagiriki ukautega kwa Mungu mmoja. Miungu ile iligombana na kuhadaana. Euthyphro mwenyewe anajitetea kwamba hata Zeus, mkuu wa miungu hiyo, alimtia baba yake pingu, kwa nini yeye asimshtaki wake? Anayesema kwamba jema ni lile lililoamriwa hasemi kwamba Muumba huamuru hili asubuhi na kinyume chake jioni.

Na msidhani kwamba swali hili limetufikia kwa meli za Wazungu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, huko Basra, Muutazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, walisema kwamba akili inatosha kutambua uzuri na ubaya wa tendo, na Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa katika darasa lao, akawaacha akasema kwamba akili ya kiumbe haina mamlaka ya kumwekea sharti aliyeiumba. Pwani yetu ya Kishafii imefuata njia ya al-Ash'ari kizazi baada ya kizazi, na sijasikia kwamba kwa sababu hiyo watu waliamka wakaanza kuvunja masanduku. Kuhusu kauli iliyotolewa makaburini, nasema tu kwamba pale hapakuwa mahali pa darasa.

Mjukuu wa Kilwa

Niliisoma mada hii kwa utulivu hadi nilipofika neno la mwisho la mleta mada, "kiungwana". Mleta mada, unataka tupime maana ya wema, na kipimo ulichotuwekea ni neno la wenye watumwa. Muungwana katika mwambao huu hakuwa kwanza mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na adabu ikahesabiwa kuwa urithi wa ukoo wake, kama minazi. Mama wa bibi yangu aliletwa Kilwa akiwa mtoto kutoka pande za Ziwa Nyasa. Alilea watoto wa watu, akasema kweli, akazika wenzake, na hadi anafariki hakuna aliyemwita muungwana.

Tena katika kisa chenu kuna mtu mmoja ambaye wote mnamruka kama jiwe la njiani. Baba yake Euthyphro anashtakiwa kwa kifo cha kibarua. Kibarua huyo naye, akiwa amelewa, alikuwa amemchinja mtumwa wa nyumba katika shamba lao la kisiwani Naxos. Nani alikwenda mahakamani kwa ajili ya mtumwa? Hata jina hana. Socrates, mwenye kuuliza kila kitu, hilo hakuliuliza.

Mwana wa Pangani

Ndugu Mjukuu wa Kilwa, pole kwa ya wazee, lakini maneno hukua kama watoto na kuondoka nyumbani. Leo nikimwita mtu muungwana simuulizi babu zake. Hata neno mshenzi lilikuwa jina la mtu wa bara, na sasa ni karipio la mtu yeyote anayetupa taka barabarani, hata awe amezaliwa ndani ya ngome. Tukiyafukuza maneno kwa sababu ya wazazi wao, tutabaki tunapungiana mikono. Isitoshe, utumwa ulikwisha 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash. Tunajadili mtu aliyefariki mwezi uliopita.

Mjukuu wa Kilwa

Mwaka 1873 lilifungwa soko la Zanzibar pamoja na usafirishaji wa watumwa baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922, wakati Waingereza walikwisha kupewa nchi. Hiyo 1897 sheria iliweka fidia, na fidia walilipwa mabwana, si watumwa. Kwa hiyo, ndugu yangu, unaposema kwamba ulikwisha, sema pia ulikwisha kwa nani.

Na neno mshenzi halijakuwa la kila mtu kama unavyodhani. Sikiliza vizuri ni nani hulitamka na ni nani hutamkiwa.

Msomi wa Jioni

Naona wengine wameanza kulalamika kwamba tumetoka nje ya mada. Kwa maoni yangu ndipo tumeingia. Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, katika kitabu cha kwanza cha maandishi yake juu ya siasa, alisema kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai. Mwaka 1550, Wahispania walipokutana mjini Valladolid kubishana juu ya watu wa Amerika waliokuwa wakitiishwa kwa upanga, msomi Sepúlveda aliliegemea wazo hilohilo, na askofu Las Casas akasimama kumpinga. Wote wawili walikuwa Wakatoliki wenye Biblia moja.

Sasa swali langu kwa Ustadhi na kwa Wakristo waliomo humu ni hili. Vitabu vyenu vinamtaja mtumwa, vinampa haki fulani, vinamwekea bwana mipaka, lakini havikutamka kwamba kuwa na mtumwa ni haramu. Leo shehe na padri wote wawili watasema, bila kusita, kwamba kumiliki mtu ni uovu mkubwa. Wameujulia wapi uovu huo, kama si kwa taa iliyotoka nje ya amri?

Shemasi wa Zamani

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hiyo "taa iliyotoka nje" imenikera. Ndugu Msomi, taa hiyo unayotuonyesha ni ya nani? Aristotle alikuwa bwana wa akili kuliko sisi sote humu, na akili yake ilimfikisha kwenye chombo chenye uhai. Mtume Paulo, aliyeandika akiwa kifungoni, alimwambia Filemoni ampokee mtumwa wake Onesimo si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Kati ya hao wawili, ungependa mama wa bibi yake Mjukuu wa Kilwa angeangukia mikononi mwa msomaji wa nani? Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo 1868 wakikomboa watoto kwa fedha na kuwapa makao, wakati wenye falsafa wa Ulaya wako kwenye viti vyao.

Na swali la Euthyphro lilikwisha kujibiwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu hautazami wema uliowekwa juu yake ndipo autii, wala haubuni kama mtu anayebuni kanuni za bao. Wema ndiyo dhati yake. Kwa hiyo anayetenda jema amekwisha kumgusa Mungu, hata kama hajui jina lake. Kwa msingi huo mimi nisingesema majivu.

Mjukuu wa Kilwa

Mheshimiwa Shemasi, nakuomba usimtumie marehemu wangu kama kete. Ningependa asingeangukia mikononi mwa msomaji wa yeyote. Hao watoto wa Bagamoyo nao walikuwa na wazazi na majina, na walipokombolewa walipewa majina mengine na kazi katika mashamba ya misheni. Sisemi kwamba ni sawa na kuuzwa. Nasema tu kwamba sijawahi kusikia simulizi hiyo ikianza na jina la mtoto. Siku zote inaanza na mkombozi.

Ustadhi Mstaafu

Msomi wa Jioni ameuliza kwa heshima, nami nitamjibu. Surat al-Balad inaitaja njia nzito ya kupanda, kisha inaieleza: ni kumwacha huru mtumwa. Kuacha huru kumewekwa kuwa kafara ya makosa kadhaa, na ni miongoni mwa matumizi ya zaka. Mlango wa kutokea ulifunguliwa kila upande. Kama watu walikaa ndani, waulizwe watu. Sikuhitaji taa ya nje kuliona hilo. Nilihitaji kusoma bila tamaa ya mali. Lakini nakiri, na nalisema bila kushinikizwa, kwamba babu zetu walikisoma Kitabu kilekile na wakaendelea kununua.

Shangazi wa Mvita

Wanangu, mimi si msomi wa Wagiriki, ila nimelelewa kwa methali. Iko moja ambayo sote tuliimbiwa utotoni: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nimeitafakari tangu Mjukuu wa Kilwa aliposema neno lake, kwa sababu ndani yake wamo wote wawili tunaowagombania. Mja ni mtumwa, naye anadharauliwa kwamba kazi yake ni maneno. Muungwana ni yule huru, naye anasifiwa kwamba hutenda. Aliyeitunga hakuwa mtumwa, hilo nalikubali.

Lakini mja huyohuyo ndiye tunayemtaja tunaposema waja wa Mungu, yaani sisi sote. Basi swali la huyo Socrates naona lilikwisha kulala katika Kiswahili chetu kabla mleta mada hajaliamsha. Mwenye kutenda jema kwa kuwa ameamriwa anatenda kama mja. Mwenye kutenda jema kwa kuwa ameliona kuwa ni jema, hakuna aliyemtuma wala atakayemlipa, huyo anatenda kama muungwana, hata kama mama yake aliuzwa. Mzee wa sanduku alikuwa wa aina hiyo. Mama wa bibi yake Mjukuu pia, na sioni sababu ya kuwaachia wenye minazi neno zuri namna hii.

Ustadhi Mstaafu

Shangazi, nakuheshimu, lakini umemshusha mja mahali asipostahili. Abdallah maana yake ni mja wa Mungu, na ni katika majina bora ambayo mtu huweza kumpa mwanawe. Aliyejua kweli kwamba ni mja wa Mungu hawezi kuwa mtumwa wa mtu, wala kumfanya mtu mtumwa wake. Utii si upungufu wa akili. Mtoto anayemtii mama yake kwa kumpenda hatendi kwa woga wa fimbo.

Mjukuu wa Kilwa

Utii nao una hadithi yake, Ustadhi, na iko katika kisa hikihiki. Baba yake Euthyphro, baada ya kumfunga yule kibarua mikono na miguu na kumtupa shimoni, alituma mjumbe Athens akamuulize mwanachuoni wa dini nini cha kufanya. Mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa, baridi na kamba. Mtu alikufa huku mwenye shamba anasubiri fatwa. Ningetaka kujua ni akili gani inayohitaji kuagiza jibu kutoka ng'ambo ya bahari ili ijue kwamba aliyefungwa apewe maji.

Kwa Shangazi: nimesoma uliyoandika mara mbili. Sijakubali bado, lakini nimesoma.

Ustadhi Mstaafu

Mwenye shamba alikosa, na hakuna fatwa duniani inayomzuia mtu kumpa mfungwa maji. Ila tambua kwamba alituma kuuliza kwa sababu hakutaka kuhukumu peke yake. Wengine wetu tungemmaliza muuaji palepale kwa mawe na matairi, kwa "akili" za mtaani, na asubuhi tukaenda kazini.

Mhasibu wa Mtaa

Samahani, sina la kuongeza juu ya Wagiriki. Ninaomba kumuuliza mleta mada: baada ya mzee kufariki, sanduku la chama linashikwa na nani?

Mkaa Barazani (mleta mada)

Ahsante kwa kukumbuka kwamba nipo. Tulikaa vikao viwili bila kuelewana. Hatimaye tumechagua watu watatu, mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani na mmoja wa serikali ya mtaa, na tumelipeleka sanduku kwa fundi likaongezwa kufuli mbili. Wakati wa mzee lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo kila aliyekwenda kumsalimia aliuona. Aliyezungumza makaburini ni mmoja wa waliosisitiza kwamba kufuli zisipungue tatu.

Mhasibu wa Mtaa

Kufuli tatu ni utaratibu sahihi wa fedha za umma na usigeuzwe kuwa hoja dhidi ya dini ya mtu. Kosa lilikuwa lile la msumari. Miaka 19 mlikuwa na bahati.

Mkaa Barazani (mleta mada)

Bahati, ndugu Mhasibu? Hebu lieleze neno hilo vizuri, maana kaburini waliliita majivu na wewe sasa unaliita bahati.

Mwana wa Pangani

Nilikuwa shambani. Ndugu Mjukuu wa Kilwa, kuhusu neno mshenzi bado sijaridhika, nitarudi usiku na mifano.