Ati kompyuta yangu "imezeeka", na hata ubavu hajafungua!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, damu inachemka. Fundi yule mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Dell yangu, OptiPlex 790 ya mnara, ilikuwa nzima kabisa mpaka yeye alipoipachika kadi ya picha GTX 960, kijiti cha pili cha RAM (kumbukumbu) na diski ya SSD. Tangu hapo inaganda: picha inasimama, sauti inakwama kwenye mlio mmoja kama nyuki milioni, mpaka uizime kwa kushikilia kitufe. Nairudisha, anaitupia jicho kwa mbali: "Imezeeka hiyo, tupa." IMEZEEKA! Duka lake lote limezeeka kuliko mashine hii!

Kadi ile inakula wati 120 na inataka pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme) ya wati 400. Ya mle ndani ni 265, haina waya wa pini 6, basi akaunga adapta kwenye plagi moja ya SATA, ile ya kulishia diski. Plagi hiyo mwisho wake ni ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54, na pini 6 zinaweza kuvuta 75. Plastiki imeshakuwa ya kahawia! Halafu mtu ananikazia macho: imezeeka.

Waya Mweusi: Pole mkuu. Chomoa kadi, monita irudi kwenye tundu la VGA la bodi yenyewe, cheza video saa nzima. Isipoganda, shuku umeme kwanza. Kisha irudishe na upime waya wa njano na mweusi gemu likiwa linaendelea. Chini ya volti 11.4, saplai imechemsha. Bahati yako 790 ina plagi ya kawaida ya pini 24. Ingekuwa OptiPlex 9020, ungehangaika na adapta ya pini 8.

Kijiti: Umeme, umeme, RAM je? Acha kijiti kimoja, washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwa flashi, mizunguko minne. Kisha cha pili, tundu lilelile. Kosa moja tu, kirudi dukani. Na vile vya GB 8 vya bei chee vya bodi za AMD pekee, kwenye bodi ya Intel kama yako ni balaa.

Zima Washa: Kibandiko cha saplai kinasomeka bila miwani, mleta uzi unalia nini? Weka kadi ndogo ya GTX 750 Ti, wati 60, inakula kwenye tundu lenyewe. Tuache tulale.

Mleta uzi: Aliyeifungua mwanzo ni yeye, asome yeye! Nilipoirudisha hata kugusa hakugusa, akasema imezeeka! Na Windows, kwenye orodha yake ya matukio, inaandika kosa la Kernel-Power 41.

Waya Mweusi: Hiyo 41 inasema tu mashine ilizimika bila utaratibu. Ukishikilia kitufe lazima iandike. Haikuonyeshi mkosaji.

Dada Kibodi: Afadhali wewe umepewa kadi ya kweli. Jirani wa fundi huyo anauza flashi feki za "TB 2". Ukijaza, faili za mwanzo zinafunguka, zinazofuata zote zimeoza.

Kijiti: Yule wa chini ya ngazi? Chaja zake nazo zinapiga shoti ukigusa kava la laptopu!

Zima Washa: Huyo! Pesa harudishi, anakupa flashi nyingine feki.

Dada Kibodi: Msinunue bila kupima. Programu ya H2testw ya Windows inaijaza flashi yote kisha inasoma tena, inakuambia GB za kweli.

Kijiti: Wa Linux je?

Dada Kibodi: f3. Anza na f3write, halafu f3read. Nakili vitu vyako kwanza.