Nguo chafu za mume wangu zimefika ukweni, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Sisi tuko Ujiji, mama yangu yuko Tabora. Juzi mume wangu alienda kumtumia mkwewe dagaa kwa basi. Mlangoni kulikuwa na viroba viwili, cha dagaa na cha nguo za dobi. Akabeba cha dobi! Harufu tu si ingemwambia? Mama kakifungua mbele ya wageni, ikatangulia bukta ya bluu iliyotoboka. Kanipigia: "Mwanangu, dagaa wa siku hizi wana mipira kiunoni?"

Mimi nacheka, mwenzangu hacheki. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa hukohuko na yeye kaapa haendi. Aombe radhi kwa simu, au nitangulize dagaa kwanza? Nguo mama keshazifua na kuzipiga pasi, ndicho kinachomuua zaidi.